Tusipake Weusi Juu ya Maji



Juma hili ninaacha kidogo habari za daftari na masomo ya nyumbani, kwa sababu swali moja limenifikia mara tatu: tupake au tusipake? Wanaouliza wanasema juu ya kiwanja cha gudroni mbele ya jumba la kikundi chetu, pale magari ya arusi yanaposimama. Mafundi wawili walikuja, wakatuambia kwamba kiwanja kimezeeka, kimekuwa cha kijivu, na kwamba kwa nusu ya bei watakipaka dawa nyeusi, kiwe kama kipya kabla ya arusi za mwezi wa 12. Mkutano utakata neno mwishoni mwa mwezi huu wa 11.

Fedha zitakazotumika ni zile za sanduku, franga mlizotoa kidogo kidogo kwa kuuza mkate, unga na sombe. Na arusi zile, kwa kulipia jumba na kiwanja, ndizo zinazosaidia karo ya watoto wa wajane wetu. Kiwanja kikiharibika, magari hayaji. Magari yasipokuja, watu wa arusi wanatafuta jumba lingine. Basi jambo hili si la mafundi peke yao. Na hata kama wewe unasoma ukiwa katika kikundi kisicho na jumba, pengine parokia yako, shule ya watoto wako au kituo cha afya kina kiwanja kama hiki. Someni pamoja.

Gudroni ni nini, na kwa nini inapauka

Hapa Lubumbashi tunasema gudroni, vitabuni wanasema lami. Ni mawe madogo na mchanga vilivyoshikanishwa na bitumi, ule utomvu mweusi unaobaki mwishoni mafuta ya petroli yanapochujwa kiwandani. Katika kilo 100 za lami iliyolazwa chini, bitumi ni kilo 5 hivi tu. Nyingine zote ni mawe na mchanga. Fikirini peremende za karanga tunazowauzia watoto: karanga ndizo nyingi, sukari iliyoyeyuka ni kidogo, lakini bila ile sukari karanga zinatawanyika.

Jua na hewa vinaikausha bitumi. Inapoteza ulaini wake, inakuwa ngumu, na rangi inapauka kutoka nyeusi hadi kijivu. Kisha mchanga wa juu unaanza kuachia, nanyi mnaukuta kwenye ufagio asubuhi. Ni kama ngozi ya mtoto mwezi wa 7, wakati baridi na upepo wa kiangazi vinapoifanya nyeupe na kupasuka. Mama anafanya nini? Anampaka mafuta.

Dawa nyeusi ya lami ni mafuta ya namna hiyo. Ni ganda jembamba linalozuia jua na maji. Ni kazi nzuri, na siku moja tutaihitaji. Lakini mama gani anampaka mtoto mafuta kabla ya kumwosha? Na mama gani anapaka mafuta ya ngozi juu ya kidonda kibichi? Shida ya kiwanja chetu iko hapo.

Adui wa kwanza ni maji

Mvua yetu inashika mwezi wa 11 na kuendelea mpaka mwezi wa 4. Katika miezi hiyo lami haiharibiwi na maji yanayopita juu yake na kwenda zake. Inaharibiwa na maji yanayobaki na yale yanayoingia. Yanaingia kwenye ufa mdogo, yanafika kwenye udongo chini, udongo unakuwa matope. Gari zito likipita juu, lami inabonyea kidogo, matope yanasukumwa juu kupitia ufa uleule. Gari likishapita, chini pamebaki uwazi. Siku nyingine lori linapita, lami inavunjika, nanyi mnaona shimo. Watu wanasema shimo limetokea ghafla. Kumbe lilianza zamani kama ufa ambao hakuna aliyeutazama. Wazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kiwanja ni neno la kufuata kama lilivyo.

Jumamosi iliyopita, mvua ilipokata, nilizunguka kiwanja pamoja na mama wa hazina na wanafunzi wangu wawili wenye chaki. Kazi yao ilikuwa kuchora duara mahali popote tunapowaonyesha. Tuliona mambo manne.

La kwanza: mfereji wa upande wa ukuta umejaa majani na mifuko ya plastiki, maji hayana pa kwenda. La pili: karibu na mlango mkubwa kuna dimbwi la hatua tano, na lilikuwa bado pale saa mbili baada ya mvua kukata. La tatu: pale lori la vinywaji na viti linaposimama, nyufa zimeungana kama ngozi ya mamba, na kando yake kuna matope mekundu. Matope hayo mekundu ndiyo alama ya kuogopa, kwa sababu ni udongo wa chini unaotoka. La nne, na hili ni la furaha: sehemu nyingine zote za kiwanja ni nzima. Ni za kijivu, zina nyufa chache nyembamba, lakini hazibonyei. Kiwanja chetu hakijafa. Kina ugonjwa mahali pawili, na uso uliokauka.

Sasa mwone mwenyewe: dawa nyeusi ikimwagwa juu ya ngozi ile ya mamba, itaficha nyufa kwa majuma machache. Chini matope yatabaki matope. Arusi ya kwanza yenye lori zito, weusi utapasuka pamoja na lami, na sanduku litakuwa tupu.

Kazi zinafuatana

Mwanafunzi anayeruka zoezi la kwanza anakwama kwenye la tatu. Kiwanja nacho kina utaratibu wake.

Kwanza, maji yapate njia. Mfereji uzolewe wote, si mahali panapoonekana tu. Kiwanja kinapaswa kuinama kidogo kuelekea mfereji, karibu sentimita 2 kwa kila mita 1. Kupima si vigumu: mwaga ndoo ya maji, tazama yanakimbilia wapi na yanalala wapi. Maji hayo tusiyaelekeze kwenye lupango la jirani. Tumeona ugomvi wa miaka mingi ukianzia kwenye mfereji mmoja uliogeuzwa usiku. Na dimbwi lisilokauka ni kitanda cha mbu. Mama mwenye mtoto anayetetemeka kwa homa hahitaji maelezo zaidi.

Pili, mahali palipooza pakatwe. Pale kwenye ngozi ya mamba, lami yote inayobonyea ikatwe kwa mistari iliyonyooka, matope yatolewe mpaka kufikia udongo mgumu, kisha kokoto ijazwe na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, ndipo lami mpya iwekwe juu. Anayejaza shimo lenye maji anafunga maji ndani.

Tatu, nyufa zizibwe. Majani yaliyoota ndani yang'olewe na mizizi yake, vumbi litolewe kwa brashi, ufa ukauke. Ufa mwembamba unajazwa bitumi ya maji. Ufa unaoweza kupitisha kalamu unajazwa bitumi hiyo ikichanganywa na mchanga laini, kidogo kidogo, si mara moja.

Nne, usafi. Matone ya mafuta ya magari yamwagiwe mchanga mkavu yanywewe, mchanga uzolewe, pasuguliwe kwa sabuni ya unga na kuoshwa vizuri. Dawa haishiki juu ya mafuta, wala juu ya vumbi jekundu.

Tano, ndipo kupaka. Mara mbili kwa tabaka nyembamba, si mara moja kwa tabaka nene. Ya kwanza ikauke kabisa, ya pili ipite kwa upande mwingine. Iwe na mchanga laini na safi ndani yake, la sivyo kiwanja kitateleza mvua ikinyesha, na mnajua viatu virefu vya wasindikizaji wa bibi arusi.

Kama lami ni mpya, isipakwe mara moja. Wengi hungoja miezi 6 hadi 12 ili ikomae. Na baada ya kupaka, kurudia kila mwaka si bidii, ni hasara. Tabaka nyingi zikilundikana zinapasuka na kubanduka. Miaka mitatu hivi inatosha, mkitazama uso wenyewe unasema nini.

Kwa nini mwezi wa 11 si wakati wake

Dawa nzuri inayotumika mara nyingi ni bitumi iliyovunjwa kuwa matone madogo sana yanayoelea ndani ya maji, kama mafuta yanavyoelea ndani ya maziwa. Wanaiita emulsioni. Ikimwagwa ina rangi ya kahawia. Maji yanapokauka, matone yanaungana, rangi inageuka kuwa nyeusi, na ganda linashika. Ndiyo maana inahitaji angalau siku nzima bila mvua. Mvua ikinyesha mapema, maji yanaichukua mpaka mfereji, na mnachobaki nacho ni mistari ya kahawia na mfereji mweusi. Hata mvua isiponyesha, hewa ya masika ina unyevu, na kukauka kunachelewa. Watu wasipite juu kwa siku moja, magari kwa siku mbili. Mwezi wa 12, nani atatupatia siku mbili kavu zenye uhakika, tena kati ya arusi na arusi?

Wakati mzuri kwetu ni mwezi wa 5, mvua zikishaisha na kiwanja kikishakauka. Mwezi wa 6 na wa 7 usiku una baridi, na dawa hii haipendi baridi ya chini ya digrii 10. Kama kazi imeangukia hapo, ianze jua likishapanda na iishe mapema mchana. Mwezi wa 9 na wa 10 ni kinyume: mchana lami inawaka hata huwezi kuweka mkono, dawa inakauka juu kabla ya kushika chini. Hapo ni kazi ya asubuhi. Na siku za upepo wenye vumbi, afadhali kungoja.

Hesabu ya pipa

Hili niliwapa wanafunzi wa darasa la sita, nao walilimaliza kabla ya kengele. Kiwanja kina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15. Eneo lake ni mita 300 za mraba. Kila mita ya mraba inahitaji karibu nusu lita kwa kila tabaka, na tabaka ni mbili. Basi zinahitajika lita 300 hivi, yaani pipa moja na nusu la lita 200.

Mafundi wetu walisema pipa moja linatosha na kubaki. Basi ama watapaka mara moja tu, ama wataongeza maji kupita kiasi kilichoandikwa kwenye pipa. Bei nusu inaanza kueleweka. Simwiti mtu mwizi. Ninasema tu kwamba anayeuza kwa pipa hutuambia mapipa, na anayenunua anapaswa kuhesabu mita.

Yanayowahusu watoto

Hapa ninaomba kila mama asome polepole.

Kuna mafundi wanaochanganya mafuta ya vidanji, yale machafu yanayotolewa kwenye injini, au mazutu, ili uso ung'ae. Vitu hivyo vinayeyusha bitumi. Kiwanja kinang'aa wiki moja, kisha kinalainika, na mvua inayapeleka mafuta yale kwenye mfereji na kwenye visima. Kataeni.

Kuna wanaochemsha bitumi ngumu katika pipa juu ya moto ndani ya lupango. Bitumi hiyo inafika digrii 150 na zaidi. Tone la mvua au maji yakiingia humo, yanageuka mvuke kwa ghafla, na bitumi inafura na kumwagika nje ikiwaka moto. Watoto wakae mbali, na mbali si hatua tatu. Kama bitumi ya moto imemwangukia mtu, mimina maji ya baridi yaliyo safi kwa dakika 20, usibandue bitumi iliyoganda kwenye ngozi, usipake dawa ya meno wala mafuta, nenda hospitali. Ukiibandua, ngozi inatoka nayo.

Tena kuna dawa ya namna nyingine, inayotengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe badala ya bitumi ya petroli. Uso wake ni mweusi vilevile, jicho haliwezi kutofautisha. Taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeihesabu lami hiyo ya makaa ya mawe miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa watu. Katika mji wa Austin, Marekani, watafiti walipima vumbi ndani ya nyumba zilizo karibu na viwanja vilivyopakwa dawa hiyo. Walikuta sumu za aina hii mara 25 zaidi kuliko katika nyumba zilizo karibu na viwanja vingine. Viatu na upepo ndivyo vinavyobeba vumbi hilo mpaka ndani, na mtoto anayetambaa anaweka mikono chini kisha mdomoni. Mji wa Austin ulikataza dawa hiyo kuanzia mwaka 2006.

Sisi tunaita barabara yote gudroni, kwa hiyo neno hilo peke yake halitusaidii dukani. Tazama maandishi ya pipa. Ukikuta "goudron de houille" au "brai de houille", ni ya makaa ya mawe, uiache. Ukikuta "émulsion de bitume", ni ile tunayoitafuta. Pipa lisilo na maandishi yoyote lisinunuliwe na kikundi chenye watoto.

Maswali ya kumwuliza fundi kabla ya kumpa hata franga moja

Ni dawa gani, na pipa lenye maandishi liko wapi? Mita ngapi za mraba, mapipa mangapi? Utaongeza maji kiasi gani? Nyufa na mahali palipooza utafanya nini kabla ya kupaka? Mvua ikinyesha siku ileile, nani analipa kurudia? Na je, utakubali sehemu ya malipo ibaki kwetu mpaka mvua ya kwanza ipite juu ya kazi yako?

Fundi wa kweli hakasiriki kwa maswali haya. Anayafurahia, kwa sababu yanamtenganisha na wengine. Nasi tusione haya kuuliza kwa sababu ni wanawake na kazi ni ya gudroni. Anayejua kupima unga sokoni na kugundua kipimo kilichobonyezwa chini, anaweza kupima kiwanja.

Ninachopendekeza mkutanoni

Mwezi huu tusipake. Tutoe fedha kidogo kwa mambo mawili: kuzoa mfereji wote, kazi ambayo sisi wenyewe na vijana wetu tunaweza kuifanya siku moja, na kujaza pale kwenye ngozi ya mamba kwa kokoto iliyoshindiliwa vizuri, ili pavumilie mpaka masika yaishe. Lori la vinywaji lisimame nje ya mlango mkubwa, vitu vishushwe kwa mikono. Nyufa nyembamba tuzizibe katika siku kavu zitakazopatikana, tukianza na zile za upande wa juu ambako maji yanatoka.

Fedha nyingine zibaki sandukuni mpaka mwezi wa 5. Wakati huo tuite mafundi watatu, si mmoja, kila mmoja ajibu maswali yale yale mbele ya kamati. Patengenezwe kabisa mahali pawili penye ugonjwa, kisha kiwanja chote kipakwe mara mbili juu ya uso mkavu na safi.

Ninajua wapo wanaosema kwamba watu wa arusi wanapenda kuona weusi. Ni kweli, picha zinapendeza. Lakini mwezi wa 12 watu watatazama zaidi kama bibi arusi ameshuka garini pakavu au ndani ya dimbwi. Kiwanja cha kijivu kisicho na maji kitatulipa kuliko kiwanja cheusi chenye mashimo mwezi wa 2.

Baada ya mvua ijayo, pita kwenye kiwanja kilicho karibu nawe, uende na mtoto mmoja na kipande cha chaki. Mwonyeshe maji yanalala wapi, achore duara. Atakuwa amejifunza somo la eneo, somo la maji na somo la kutunza mali ya wote, bila daftari. Halafu leta hesabu ya maduara mkutanoni, tusemezane.

Juma lijalo tutarudi kwenye mitihani ya watoto, maana nayo inakuja na mvua.

Mwalimu wenu